Swali Ambalo Sikumfundisha Maître Banza

Siku yangu ya kwanza kazini niliifanya Dilolo, kwenye mahakama ya amani, hatua chache kutoka reli inayokwenda Angola. Nilikuwa na diploma mpya ya sheria, viatu vilivyonibana, na imani kwamba nimekwenda kuisaidia haki. Greffier mkuu, yaani karani anayetunza majalada na kuandika yote yanayosemwa mbele ya hakimu, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akanisukumia daftari.

"Mama, hapa hatuandike ile unafikiri," akasema. "Tunaandika paka ile mutu anasema, ile tu. Akisema mubaya, andika mubaya. Akilia, andika: analia."

Niliandika hivyo kwa miaka minne. Kesi zetu zilikuwa za samaki wakavu waliooza njiani kutoka ng'ambo ya mpaka, za baiskeli zilizouzwa mara mbili, za mashamba ya mihogo. Kila shahidi alisimama, akainua mkono, akaapa, nami nikaandika procès-verbal, ile karatasi ya maelezo ambayo mtu huitia sahihi au kidole baada ya kusomewa. Ilikuwa kazi ya taratibu. Mtu aliyesema uongo ulimwona akimeza mate.

Kutoka huko niliitwa Kolwezi. Chuo kilikuwa kimefungua kitivo cha sheria katika majengo ya shule ya zamani, na walihitaji assistant, cheo cha chini kabisa cha ualimu wa chuo, mtu wa kusahihisha mitihani na kusimamia mazoezi. Doyen wa kwanza, mkuu wa kitivo, alikuwa mzee mkimya aliyevaa koti zito hata mwezi wa kumi, joto linapotuchoma. Alinipa silabo mbili, ya sheria ya kazi na ya utaratibu wa kesi. Silabo kwetu ni maandishi ya mwalimu yaliyopigwa chapa na kubanwa pamoja. Mwanafunzi huyakariri hadi nukta.

"Usiongeze kitu," Doyen akaniambia. "Mwanafunzi akijua kifungu, atakula. Asipojua, atalia."

Ndivyo tulivyofundisha. Nilisimama mbele, nikasoma polepole, wakaandika. Waliokosa viti walikaa madirishani, na vumbi la malori ya mgodi likawaingia puani. Katika mtihani niliuliza: kifungu hiki kinasema nini? Aliyetaja namba na maneno alipita. Sikumbuki hata siku moja nilipompa mwanafunzi kitu halisi mkononi, mashine au chombo au hata mkataba wa kampuni, nikamwambia: kiulize maswali. Nilipanda hadi chef de travaux, cheo kilicho kati ya assistant na profesa, na hapo nikakwama, kwa sababu thesis yangu ya udaktari sikuimaliza. Wanafunzi wakaniita Mama CT. Jina hilo nimebaki nalo hadi leo.

Katika wote niliowafundisha, Banza alikuwa na kichwa chepesi kuliko wenzake. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti aliyetoka kaskazini, upande wa Manono, na mtoto alirithi sauti ya mimbarini. Alikariri silabo yangu ya sheria ya kazi hata makosa yangu ya chapa akayakariri pia. Alipoapishwa kuwa wakili, akaanza kuitwa Maître kama mawakili wote, nilikuwepo, nimevaa kitenge changu kizuri, nikapiga vigelegele kama mama yake mzazi.

Alikuwa na miaka mitano katika uwakili aliponiletea jalada la Tata Kayombo.

Tata Kayombo alikuwa dereva wa malori makubwa ya mgodini, yale ambayo magurudumu yake yanampita mtu kimo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, Mkatoliki wa kila Jumapili, anayekaa Tenke na mke wake. Ujanani alifanya kazi Kisenge kwenye mgodi wa manganese, na huko kipande cha jiwe kilimruka kikampiga juu ya jicho la kushoto. Jicho lilipona likawa linaona vizuri, lakini kope ya juu haikuinuka tena yote. Ilining'inia. Ukimtazama mara ya kwanza ungedhani mtu huyu ana usingizi.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilileta kamera ndogo, ikazifunga mbele ya kiti cha kila dereva. Kamera ilitazama uso. Programu ndani yake ilipima macho. Dereva akisinzia, kengele inalia na taarifa inakwenda ofisini. Wakawaambia madereva kwamba mashine hii ina akili, inajifunza yenyewe, haina upendeleo. Katika zamu moja ya mchana, Tata Kayombo alipata taarifa tatu. Siku iliyofuata alipewa barua: faute lourde, yaani kosa zito, lile linalomtoa mtu kazini papo hapo bila hata siku za kuagana. Kulala kwenye usukani.

Alikwenda kwa mkaguzi wa kazi, upatanisho ukashindikana, akampata Banza. Wakaenda mahakamani. Wakashindwa. Kabla ya rufaa, Banza alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Manika, na jalada kwapani, na Tata Kayombo nyuma yake, kofia mkononi.

Nililisoma jalada lote siku hiyo, mezani, wao wawili wakingoja. Nataka niseme wazi nilichokiona, maana ndicho kinachonikosesha raha. Nilikiona kipande cha karatasi chenye picha tatu ndogo za uso wa Tata Kayombo, na chini yake saa, dakika, na neno moja la Kifaransa: somnolence, usingizi. Nikauliza: nani ametia sahihi? Hakuna. Nikafurahi.

"Ni hapa, Banza," nikamwambia. "Karatasi bila sahihi. Tena barua ya kumuomba maelezo ilikuja siku mbili nyuma ya ile ya kumufukuza. Pigia pale pale."

Tata Kayombo akakohoa. "Mama CT, samahani. Mi niko na swali."

"Sema, tata."

"Ku tribunal, batu bote baliapa. Mi niliapa. Chef wa zamu aliapa. Ile mashine, nani aliiapisha?"

Banza akacheka kidogo, kwa heshima. Mimi nikatabasamu, nikamwambia mashine si shahidi, ni kifaa, kama saa au mizani. Nikarudi kwenye barua iliyochelewa.

Katika rufaa, wakili wa kampuni alisema maandishi ya kielektroniki yana nguvu sawa na karatasi, na sheria mpya ya mambo ya dijitali ilikuwa upande wake. Majaji wakakubali. Kuhusu barua, wakasema siku mbili hazikumdhuru mtu. Kisha jaji mkuu wa kikao akamgeukia Banza akamuuliza jambo moja, bila ukali. Banza mwenyewe alinisimulia, amekaa kwenye kiti kile kile, tai imelegea.

"Aliniuliza: Maître, unasema muteja wako hakukuwa analala. Sasa hii mashine inajua je kama mutu analala? Mama CT, nilikosa jibu. Nilisimama pale sawa mutoto. Nikapitia cours yote mu kichwa, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuna fasi tulifundishwa kuuliza ile."

"Hapana," nikasema. "Hakuna fasi."

Walishindwa mara ya pili. Kwenda mbali zaidi, hadi mahakama ya juu Kinshasa, hakukuwa na njia kwa mtu asiye na fedha kama Tata Kayombo.

Sikulala vizuri majuma yale. Mtu anaweza kufundisha miaka mingi akidhani anawapa watoto silaha, kumbe anawapa ganda. Nikaenda kwa Doyen wa tatu, aliyekuwa kijana kuliko mimi na aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Nikamwomba kozi mpya: sheria na mashine zenye akili. Akaniheshimu, akanikalisha, akaagiza soda.

"Mama CT, programme inatoka Kinshasa. Siwezi kuongeza kozi sawa mutu anaongeza chumvi."

"Basi uite semina."

"Nani atafundisha?"

"Mimi."

"Mama, uko unajua bile bitu?"

"Hapana. Nitajifunza."

Akatazama dirishani. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na chumba chetu cha kompyuta kilikuwa kimefungwa kwa kufuli lililoota kutu. "Hata courant hatuna," akasema, "na unataka kufundisha akili ya mashine." Lakini alinipa saa kumi na tano, siku za Jumamosi, bila alama. Mwanafunzi angekuja kwa hiari yake.

Nikawa mwanafunzi uzeeni. Nilimwendea mwalimu mmoja wa kitivo cha ufundi, mhandisi mvumilivu, nikamweleza kisa cha dereva. Aliinua kiganja kwenye jicho lake akanionyesha kwa vidole viwili.

"Mama, ile mashine haijue usingizi," akasema. "Haijue kabisa. Inapima paka nafasi kati ya kope ya juu na ya chini. Kuna mutu, fasi fulani, alichagua namba: nafasi ikipunguka chini ya hii, sema usingizi. Na ilijifunza kwa kutazama nyuso mingi za batu. Uliza: nyuso za nani?"

Niliomba aseme tena, nikaandika kama nilivyoandika Dilolo, neno kwa neno. Kisha nilikaa kwenye gari la kukodi kurudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuipata mahakamani wala darasani. Jicho la Tata Kayombo lilikuwa limekaa mbele yangu, mezani kwangu, hatua mbili. Nilikuwa nimetafuta sahihi.

Jumamosi ya kwanza walikuja wanafunzi kumi na mmoja. Niliacha silabo. Nilimwomba Tata Kayombo atoke Tenke aje, akaja kwa basi, amevaa shati jeupe, akakaa mbele yao. Nikawapa ile karatasi yenye picha tatu. "Muulizeni yeye," nikasema, "halafu iulizeni karatasi." Kwa nusu saa walitaja vifungu. Ilikuwa vigumu kuwatoa huko. Walikuwa watoto wangu. Mwishowe msichana mmoja wa mwaka wa nne, Mujinga, alisimama akasogea hadi karibu na mzee, akamtazama usoni, akasema taratibu: "Tata, jicho lako ya kushoto, inafungukaka yote?"

"Haifungukake, mama. Tangu Kisenge."

Tata Kayombo akatoa leso akajifuta, sikujua kama ni jasho au machozi. Katika mwaka mzima wa kesi, mbele ya mkaguzi, hakimu, majaji na wakili wake, hakuna aliyemuuliza.

Semina ile niliiendesha miaka mitatu. Sitaki mdhani ilikuwa ushindi. Wengine walikuja mara moja wakatoweka, kwa sababu haikuwa na alama. Wengine waliniletea kazi zilizoandikwa na programu za simu, lugha imenyooka kama njia ya ndege. Mmoja alinitajia kifungu cha sheria ya kazi kizuri mno, kinachomlinda mfanyakazi dhidi ya mashine. Nikakitafuta kitabuni siku mbili. Hakikuwepo. Alipoona nimemwita hakuona haya. "Lakini, Mama CT, ilipashwa kuwepo," akaniambia. Nilimpa sifuri, ingawa semina haikuwa na alama, na moyoni nikakubaliana naye.

Nilipofikia umri wa kustaafu, walinifanyia sherehe fupi ukumbini. Doyen alisoma hotuba, wakanipa saa ya ukutani. Semina ilisimama mwaka huo huo. Hakuna aliyeifuta, hakupatikana tu mtu wa kuja Jumamosi.

Miezi michache baadaye Mujinga alinijia nyumbani. Alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya sheria ya kampuni nyingine, upande wa Fungurume, na kampuni hiyo ilitaka kununua kamera za aina ile ile. Yeye, kwa mazoea ya Jumamosi zetu, aliomba kitabu cha maelekezo cha muuzaji kabla ya kuupitia mkataba. Kilikuwa cha Kiingereza, kinene, na wakubwa wake walimruhusu kutoa nakala ya kurasa alizotaka, kwani muuzaji humpa kila anayeomba. Akafungua ukurasa mmoja mbele yangu, akanitafsiria kwa kidole.

Kilisema kwamba kwa dereva mwenye kope iliyolegea au kovu la jicho, mashine lazima ipimwe upya kwa ajili yake peke yake, la sivyo itatoa taarifa za uongo. Kilisema pia kwamba taarifa ya mashine isitumike kumwadhibu mtu kabla mtu mwingine hajaitazama video yote.

Nilimpigia simu Banza, akafika kabla chai haijapoa. Alisoma mara mbili amesimama.

"Requête civile," akasema. Hiyo ni njia nyembamba ya kurudi mbele ya mahakama iliyokwisha kuamua, mtu akigundua karatasi ya maana ambayo mpinzani wake aliificha.

Nilitaka ajibu mwenyewe, kama zamani kwenye mtihani. Nikaona jinsi uso wake ulivyoshuka kidogo kidogo.

"Hawakuificha," akasema.

"Hapana."

"Hatukuiomba."

"Hatukuiomba, Banza. Mimi na wewe."

Mujinga alitazama chini. Tulikaa sisi watatu, vizazi viwili vya wanasheria wa Kolwezi, na hakuna aliyegusa chai.

Banza alisema hawezi kwenda Tenke, hana uso wa kumtazama yule mzee. Sikumlazimisha. Nikaenda mwenyewe, na nakala ndani ya bahasha. Njia nzima nilitunga maneno ya kisheria ya kumweleza kwamba karatasi hii ni ya kweli na haina kazi tena.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, akitengeneza kiti. Alikuwa amekonda. Mke wake, Mama Ngoie, alinisalimu vizuri, lakini kati yao wawili niliona kitu kimekaa, baridi, kama wageni waliopanga nyumba moja. Nikamwambia tata kwa nini nimekuja. Nikamwambia kwanza kwamba haitarudisha kazi, nikamweleza sababu, na kwamba kosa ni letu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mbali.

"Soma, mama," akasema.

Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Nilipofika kwenye neno kope, aliacha nyundo.

"Basi mi sikukuwa nalala," akasema.

"Hukukuwa unalala, tata."

"Mama CT, mi mwenyewe nilikuwa sijui tena." Alisema bila kunitazama. "Batu bote banasema ulilala. Mashine inasema ulilala. Tribunal inasema ulilala. Nikaanza kufikiri: labda ni kweli, nililala na sikujua. Sasa mutu anajua je kama alilala? Hata kwa kanisa nasimama, naogopa nikikaa nitalala. Mama Ngoie anasema ni pombe. Maisha yangu yote sikunywake."

Katika silabo zote nilizosoma na kusomesha hakuna sura inayohusu jambo hilo: kwamba hukumu inaweza kumnyang'anya mtu hata ushahidi wa nafsi yake.

Akaita: "Mama Ngoie! Kuya hapa." Mke wake akaja na mikono yenye unga wa mahindi, akasimama mlangoni. "Mama CT, soma tena. Pale pa jicho tu. Umusomee yeye."

Nikasoma tena. Mama Ngoie alisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono kwenye kitenge, akamtazama mume wake muda mrefu, usoni, kwenye lile jicho. Kisha akavuta kiti kimoja akakiweka karibu yake.

"Kaa, tata," akamwambia.

Akakaa.

Ninyi mnaoingia kitivo mwaka huu mtapewa silabo, na baadhi ni zile zile nilizozisoma mimi. Zikaririni, maana mtaulizwa. Semina ya Jumamosi haipo. Nimekwenda kuulizia mara mbili, na Doyen ananiambia bado wanatafuta mwalimu. Kamera zimeongezeka. Banza bado ni wakili mzuri, lakini kesi za kazi hachukui tena. Mimi hukaa nyumbani, na watu wakinisifu sokoni kwamba nimewafundisha mawakili wa mji mzima, naitikia kwa sababu ya adabu. Wale mawakili niliwafundisha miaka thelathini kujibu. Kuuliza niliwafundisha miaka mitatu, siku za Jumamosi, wale waliotaka kuja.